Padi Mbili za Bi Harusi wa Handeni

Wengi mmetuuliza kuhusu kuolewa na mwanamme mwenye mtoto, na kila mara tumejibu juu juu, mara "msubiri", mara "muombee dua". Leo tuna kisa. Mwenyewe katupa ruhusa tukiseme, ila jina lake tusilitaje.

Mnatujua kazi yetu: mmoja hupaka piko na hina, mwengine husinga na kukaa na mwali. Mwaka jana tulipanda boti Malindi, tukashika basi Dar es Salaam mpaka Korogwe, kwa mwali ambaye mama yake ni mtu wa kwetu Unguja. Bwana harusi ni wa Handeni, mwendo wa kilomita 65 hivi kutoka hapo. Ni mgane. Mkewe wa kwanza alifariki akamuachia mtoto wa kiume, sasa ana miaka minane na analelewa na bibi yake.

Siku ya singo mwali alikuwa kimya. Tulipokuwa tunamchora piko mkononi ndipo akauliza, "Somo zangu, na yule mtoto nimwambie nini?"

Tukatazamana. Tumefunda wali wengi, tumewaeleza udi uwekwe wapi na mume apokelewe vipi, lakini swali hilo hakuna aliyewahi kutuuliza, na sisi hatukuwahi kulitafutia jibu. Akatusimulia kuwa ameshakwenda mara mbili, amempelekea kanzu na mpira. Mtoto kapokea, kasema "Shikamoo anti," kisha katoka nje. Kutwa yuko banda la gemu jirani na soko, mpaka bibi anamfuata na kandambili mkononi kwa sababu ya chuo.

Kisha akainama, akavuta boksi kutoka chini ya kitanda. Mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye TV, ya bei poa kabisa, kainunua sokoni Korogwe. Padi mbili zenye nyaya fupi, na kaseti moja ya njano iliyoandikwa kuwa ina michezo 9999999. (Tuliihesabu baadaye. Ilikuwa kama kumi, iliyobaki ni ile ile kwa majina mengine.) Mchezo wenyewe uliomo ni Mario, yule bwana mfupi wa kofia anayeruka mashimo na kukanyaga vijidudu, akimtafuta binti mfalme aliyefichwa kasrini.

Tulimgombeza. Tusifiche, tulimgombeza kweli. Tukamwambia mtoto hanunuliwi, na kwamba mama mkwe atamuona mpumbavu. Unatoka kwenye singo unaingia kwa watu na gemu? Mmoja wetu alisema hata jambo la mashetani. Mwali akatusikiliza mpaka tukamaliza, akalirudisha boksi chini ya kitanda. Siku ya kuondoka, baada ya nikaha, tuliliona ndani ya gari, limefunikwa doti ya kanga.

Tulikwenda naye kwa fungate. Siku mbili za mwanzo mtoto hatukumuona ila wakati wa kula. Siku ya tatu, baada ya alasiri, bi harusi akaichomeka mashine mwenyewe, akakaa mkekani na bangili zake na piko lake, akaanza kucheza. Hajui. Kile kidude cha kwanza kabisa, cha kahawia kama uyoga, kikamuua. Akaanza tena, kikamuua. Mara ya tatu tukasikia kicheko mlangoni.

"Ruka! Mbona unakisubiri?"

Yalikuwa maneno ya kwanza mtoto yule kumwambia pasipo kuagizwa na mtu.

Akaingia, akashika padi ya pili. Katika Mario hii ya zamani wawili hawachezi pamoja. Anacheza mmoja mpaka afe, ndipo mwenzake apate zamu, huyu Mario na yule Luigi, kila mtu na safari yake. Kwa hiyo zamu ya bi harusi ilikuwa dakika moja, na ya mtoto dakika ishirini. Muda wote huo bi harusi kakaa anaangalia, anauliza, naye anajibiwa. Mtoto akamwambia hatua ya pili kuna njia ya kupita juu ya matofali ya darini, ukifika mwisho unakuta mabomba yanayokurusha mbele. "Lakini hiyo nitakuonesha ukishajua kuruka."

Hatua ya nne ni kasri. Mtoto akalikwepa dubwana linalotema moto, akagusa shoka, daraja likaporomoka. Pale mwisho hakuwepo binti mfalme, alikuwepo mtu mdogo mwenye kichwa cha uyoga, na maandishi ya Kiingereza. Bi harusi akataka kumsomea. Mtoto hakumngoja. "Siye. Kila ukifika siye, mpaka la nane." Akaendelea kucheza. Bibi yake, aliyekuwa anachambua mchele pembeni, akanyanyuka akaenda jikoni.

Tuliporudi nyumbani tuliusoma mchezo huu, maana tulishautukana bila kuujua. Ulitoka Japani mwaka 1985, aliyeubuni ni Shigeru Miyamoto wa kampuni ya Nintendo, na mashine hizi za sokoni ni nakala za mashine yao ya 1983. Kampuni ilianza 1889 kwa kutengeneza karata, hapo tuliguna. Lakini mchezo mzima una kilobaiti 40 tu, pungufu ya picha moja ya harusi kwenye simu yako. Walibana nafasi hata mawingu na vichaka ni mchoro mmoja, wameubadilisha rangi. Hauna damu wala uchi. Tusemalo leo: kama mtaleta gemu ndani, angalieni kwanza kama ina padi ya pili, na nani ataishika. Mtoto aliyeachiwa mashine peke yake na mtoto wa banda la gemu kwetu ni mmoja.

Na wewe unayeposwa na mwenye mtoto, uliza kabla ya nikaha: atalala wapi, atakuita nani, picha ya mama yake itabaki ukutani? Bi harusi wetu aliikuta picha imeshushwa kwa ajili yake. Akaomba irudishwe.

Turudi Handeni. Ikaadhiniwa magharibi, bi harusi akasimamisha mchezo. Mtoto akasita, kwa kuwa kaseti haina kumbukumbu, ukizima unaanza moja. Wakaacha TV inawaka, bwana mfupi ameganda hewani, wakaenda kutawadha. Bibi akalalamikia umeme wa LUKU unaoliwa bure. Tulipokuwa rakaa ya pili, umeme ukakatika mtaa mzima.

Mtoto alikuwa ameshafika dunia ya tatu. Tulidhani atalia au atatoka. Baada ya sala alirudi, akakaa gizani pale pale mkekani, akapapasa akaokota padi, akampa bi harusi ile ya kwanza.

"Ukirudi unaanza wewe, anti."

Bado anamwita anti. Umeme ulirudi saa nne, wakati huo alikuwa kashalala, na padi ilikuwa bado mapajani mwa bi harusi.