Kunguni si Uchafu, Wasee

Kila mtaa Nairobi una yule jamaa wa spika: "Dawa ya kunguni, mende, viroboto, panya!" Anauza kachupa kadogo na biashara yake haijawahi kulala. Mimi hujiuliza, kama dawa inashika, mbona kila wiki wateja ni walewale?

Nimechoka na ile stori ya kwamba kunguni ni wa watu wachafu. Hapa kwetu Zimmerman ploti nzima inao na kwa miezi hakuna aliyesema. Jirani mmoja alikuwa anaanika godoro saa kumi na moja alfajiri ndio tusimwone. Dada wa mlango wa tatu aliacha kualika watu kabisa. Landilodi akaleta mtu wa kupuliza, akapuliza vyumba viwili vilivyolalamika, akaenda zake. Wiki mbili baadaye wako palepale, na sasa tunaambiwa hatuoshi nyumba. Manze! Kunguni hali uchafu. Anakula damu, na ya mtu anayepiga deki mara mbili kwa siku anaifurahia vilevile.

Shida ni usugu. Dawa nyingi za dukani ni za familia moja, pairethroidi, na kemikali hizo ziliigwa kutoka ua la pareto. Ndiyo, pareto ile ya Molo na Kinangop, zao ambalo Kenya iliongoza dunia kwa miaka mingi. Dawa ya ua lenyewe huharibika haraka juani, kwa hivyo wanasayansi wakatafuta nakala zinazodumu, kama pamethrini iliyotoka Rothamsted, Uingereza, mwaka wa 1973. Kazi yake iko kwa neva. Neva za mdudu zina vijimlango vya kupitisha sodiamu. Dawa inavikwamisha vikiwa wazi, mdudu anatetemeka, anapooza, anakufa.

Sasa chukua kunguni elfu moja. Tuseme watatu wamezaliwa na kijimlango chenye umbo tofauti kidogo, dawa haikishiki vizuri. Ukipuliza, wengine wanakufa na hao watatu wanaachiwa godoro lote. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 200 maishani. Fanya hesabu. Si ati "wamezoea" dawa vile wewe umezoea pilipili. Wewe ndiye umewachagulia wazazi wa kizazi kijacho. Wengine wana vimeng'enya vya kuvunjavunja sumu, na kuna hata wenye ngozi nene ambayo dawa inachelewa kuipenya.

Na hii ni stori ya zamani. DDT ilipotoka watu walidhani wamemaliza kazi, lakini kufikia 1947 kunguni wa kambi za jeshi Pearl Harbor, Hawaii, walikuwa wanaivumilia. Noma ni kwamba DDT na pairethroidi zinagonga mlango uleule, kwa hivyo aliyepona moja ameanza kuponea nyingine. Hapa jirani, kaskazini mashariki mwa Tanzania, watafiti waliripoti mwaka wa 2002 kunguni sugu katika vijiji vilivyokuwa vimetumia neti zenye dawa kwa miaka.

Kinachonitia wasiwasi ni vile watu wanaongeza tu dozi. Kuna mtu kwetu alinyunyiza dawa ya shambani, ile ya nyanya, kwa chumba kimoja chenye mtoto mchanga na dirisha moja. Kunguni wakarudi. Mtoto alikohoa usiku kucha, ukuta ni mwembamba, sote tulisikia.

Joto ndilo halina usugu, angalau bado. Ukifikisha nyuzi 50 hivi, mdudu na mayai wanakufa: maji moto kwa nguo na shuka, mvuke kwa mishono ya godoro na nyufa za kitanda. Kusafiri ushago wiki mbili hakusaidii, wanaweza kukaa miezi bila kula. Na mlango mmoja peke yake haufui dafu, wanapita tu ukutani. Ni ploti nzima, siku moja, kisha mnarudia baada ya wiki mbili kwa sababu ya mayai yaliyobaki.

Sisi tulitumia grupu ya WhatsApp ya kuchangia maji ya bauza. Milango 14, Jumamosi moja, mashine ya mvuke ya kukodi. Miwili haikufunguka. Tunarudi kuigonga Jumamosi hii.