Kifundo cha Mguu

Wakati wa kiangazi udongo mweusi wa bonde la Lambwe hupasuka. Nyufa zake hufichwa na majani makavu, na mwendaji asiyetazama huuona ufa baada ya mguu wake kwisha kuingia. Hivyo ndivyo alivyoteguka mdogo wangu jioni moja, tulipokuwa tukirudi nyumbani kwa njia iliyo karibu na mbuga ya Ruma. Wayo ulipinduka kwa ndani, akaanguka, akalia. Mimi nilikuwa mkubwa wake kwa miaka 3. Nilimwambia kuwa mfupa haukuvunjika, na kwamba mwanamume halii kwa jambo dogo kama hilo. Nikamtembeza hadi nyumbani.

Kweli mfupa haukuvunjika. Sikujua kilichokatika.

Mfupa wa kifundo hufungwa kwa mfupa mwenziwe kwa kano fupi, ngumu kama kamba ya katani. Upande wa ndani iko kano moja pana yenye nguvu; upande wa nje ziko tatu nyembamba. Tena nundu ya nje imeshuka chini kuliko ya ndani. Msomaji na ashike ya kwake sasa hivi ahakikishe. Kwa sababu hiyo wayo haupinduki kwa urahisi kwenda nje, bali huelekea ndani, na uzito wote wa mwili huziangukia zile kano tatu. Ya mbele ndiyo dhaifu kuliko zote, nayo hukatika kwanza.

Maumivu ni hasara ndogo. Ndani ya kano mna mishipa ya fahamu inayouarifu ubongo jinsi wayo ulivyokaa, hata gizani. Kano ikichanika habari huchelewa, na mguu uliocheleweshewa habari huteguka tena. Mdogo wangu aliteguka mara ya pili kabla ya mvua, na mara ya tatu uwanjani. Alikuwa hodari wa mbio.

Asiyeweza kwenda hatua 4, au anayeumia mfupa wenyewe ukibonyezwa, hupelekwa akapigwe picha ya mifupa. Mwingine hupumzika siku chache, kifundo kimefungwa kitambaa, kisha hujizoeza kusimama kwa mguu mmoja kila siku, wiki nyingi, mpaka kifundo kijifunze upya. Dawa hiyo haina bei. Niliijua nikiwa mtu mzima.

Juzi tulipita njia ile ile. Yeye alitangulia, akitazama chini kila hatua. Nilimwomba radhi. Alicheka, akasema amekwisha sahau. Kisha akanyosha mkono, akashika bega langu ili avuke mfereji.