Kufuma na Kufumua

Lugha yetu ina maneno mawili yanayotofautiana kwa irabu moja tu: kufuma na kufumua. La kwanza ni kuunga uzi kitanzi kwa kitanzi hadi uwe vazi, na la pili ni kulirudisha vazi katika uzi. Sisi akina mama wa Pwani tunaoishi Machakos tumejifunza huku bara kwamba la pili nalo lina adabu zake. Tunawaandikia wasomaji wa jarida hili, hasa jamaa zetu mlioko Mombasa, Malindi na Lamu, habari ya sweta moja ya kijivu, kwa kuwa ndani yake mna jambo linalozihusu nyumba zetu zote.

Huko kwetu sufu haikuwa na kazi. Mikono ya mama zetu ilizoea kusuka ukili wa mikeka na kushona vito vya kofia, na mwenye sweta alikuwa msafiri au mgonjwa. Machakos ni mji mwingine. Uko mita 1,600 hivi juu ya bahari, umezungukwa na vilima vya Iveti na Mua, na kuanzia Juni hadi Agosti jua huweza kujificha siku nzima nyuma ya wingu. Watoto waliozaliwa kwenye joto hutetemeka wakienda madrasa. Ndipo tulipoanza kukutana kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri katika duka la nyuzi lililo karibu na marikiti, tukajifunza kushika sindano mbili badala ya moja.

Mwenye duka ni mama wa Kikamba mwenye subira nyingi. Hutuita sote “akina mama wa Mombasa”, hata wale wa Lamu, nasi tumeacha kumsahihisha. Rafu zake zina akriliki za viwandani, nyingi zikitoka Eldoret, uzi mwembamba wa watoto wachanga, na pamba ya kufumia vitambaa vya makochi. Mwaka huu ameleta uzi mnene unaobadilika rangi wenyewe kadiri unavyofumwa, na mafungu machache ya sufu halisi ya kondoo iliyosokotwa kwa mkono. Kabla hatujanunua hutufundisha. Tusome nambari ya rangi kwenye karatasi ya kila donge, maana madonge mawili yaliyotiwa rangi siku mbalimbali yakikaa pamoja dukani hufanana, yakikaa kwenye kifua cha mtu hutofautiana. Tukitilia shaka kama uzi ni sufu, tuchome ncha yake: sufu hunuka kama nywele na kuacha jivu linalovunjika, na akriliki huyeyuka ikawa kishanga kigumu. Tuangalie pia sindano za kurithi zenye nambari za Kiingereza za zamani, ambazo nambari ikipanda sindano huwa nyembamba zaidi: nambari 8 ni milimita 4, na nambari 10 ni milimita 3.25.

Nje, kwenye baraza la duka hilo, huketi wanawake wanaosuka vyondo. Zamani vyondo vilisukwa kwa nyuzi za magome, kisha kwa mkonge, na bado vya mkonge vipo. Lakini wengi siku hizi hutia pia uzi wa sweta, nao huupata kwa kununua sweta za mitumba na kuzifumua. Hukata kwanza mshono wa ubavuni, wakatafuta kitanzi cha mwisho kilichofunga kazi, wakavuta, na sweta nzima ikashuka mapajani mwao safu baada ya safu. Sweta zilizokatwa kwa mkasi kiwandani hawazitaki, kwa sababu uzi wake hutoka vipande vipande. Uzi mzuri huuzungusha kwenye mgongo wa kiti, wakaufunga, wakauosha kwa maji ya vuguvugu, kisha wakautundika na kitu kizito chini yake ili unyooke.

Mmoja wetu alipoliona jambo hilo mara ya kwanza hakulipenda. Alitukumbusha kwamba katika Sura ya An-Nahl umepigwa mfano wa mwanamke aliyeuharibu uzi wake baada ya kuusokota. Mkubwa wetu kwa umri alimjibu kwamba mfano ule umepigwa kwa wanaovunja viapo na ahadi zao, na kwamba wanawake wa barazani hawakuvunja ahadi na mtu. Mazungumzo yakaishia hapo. Hatukujua kwamba tungeyarudia kabla ya mwaka kwisha.

Mwezi wa Machi mwenzetu mmoja alifiwa na mumewe. Alibaki na wavulana wawili, wa miaka tisa na wa miaka sita. Mavyaa wake, ambaye ni mjane tangu zamani, alipanda basi kutoka Pwani akaja kukaa naye. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na kwa muda huo dukani hakuonekana. Basi duka tukalihamishia kwake. Kila Jumamosi tulimpelekea uzi na habari za marikiti, tukafuma sebuleni kwake, mara nyingi bila maneno. Mavyaa alikaa kwenye mkeka karibu na dirisha na tasbihi yake, akitutazama mikono. Kiumri alikuwa mama wa wengi wetu, nasi tulimwita Mama.

Baridi ya Juni ilipoingia, wavulana walikuwa wamezipita sweta zao. Fedha ilikuwa haba, kwa kuwa madeni ya marehemu yalilipwa kwanza, kama inavyopasa. Jumamosi moja mwenzetu alitoa sandukuni sweta ya mumewe, ya kijivu, aliyomfumia mwenyewe katika mwaka wao wa kwanza hapa Machakos. Ilikuwa imechakaa viwikoni na shingoni. Akatuambia kwamba anataka kuifumua awafumie watoto.

Wengine wetu machozi yalitutoka, na wengine tukaanza kuhesabu vitanzi. Mkubwa wetu peke yake ndiye aliyeuliza, “Hiyo sweta ni ya nani?”

Swali lilitushangaza, ingawa jibu lake sote tulilisoma chuoni. Nguo za marehemu ni sehemu ya mali aliyoiacha. Baada ya gharama za maziko, madeni na wasia, kilichobaki ni cha warithi wote, kikiwa shamba au kandambili. Mke mwenye watoto ana thumuni, yaani fungu moja katika manane. Mama mzazi ana sudusi, fungu moja katika sita. Kinachosalia hapo kilikuwa cha wavulana, na kwa kuwa ni wadogo, hakiguswi ila kwa manufaa yao. Sweta ile, basi, mwenzetu aliifuma na kuifua miaka yote hiyo, na bado hakuwa na ruhusa ya kuivuta uzi hata mmoja kabla ya kuuliza.

Aliondoka kitini akaketi mkekani, chini kidogo ya mavyaa wake. “Mama, nina ombi.”

“Sema, mwanangu.”

“Ile sweta yake nataka niifumue niwafumie watoto. Naomba idhini yako.”

Bibi aliichukua sweta akaikunjua magotini, akatia mkono ndani ya mkono wake. Tulidhani atakataa, au atasema, kama wasemavyo wengi, kwamba ameacha yote kwa wajukuu. Hakusema hivyo. Alisema, “Ifumue. Na fungu langu nipe.”

Kimya kilikuwa kikubwa. Tulipotoka baadhi yetu walinong’ona njiani kwamba huko aendako hakuna baridi, na kwamba kipande cha uzi hakimfai kitu mwanamke wa miaka yake. Mkubwa wetu aliwakatiza. Mtu haulizwi haki yake ataifanyia nini, alisema, na ingekuwa ni shilingi tusingenong’ona.

Mwenzetu aliifumua sweta kwa siku tatu. Alitusimulia kwamba siku ya kwanza ilikuwa nzito kwake kuliko siku ya maziko, kwa sababu alikutana na kila mahali alipokosea akiwa bibi arusi, na kila mahali alipoachia na kuendelea. Uzi wa viwikoni ulikatika, akauweka kando. Uliobaki aliuosha, akautundika, ukanyooka. Sisi tuliazima mizani ndogo ya dukani. Uzi mzima, mkavu, ulikuwa gramu 480.

Hesabu ilifanywa mbele ya watu wote wa nyumba, na mvulana mkubwa ndiye aliyeiandika. Sudusi ya bibi ni gramu 80. Thumuni ya mama ni gramu 60. Ya watoto ni gramu 340. Mama akatia fungu lake juu ya lao, zikawa 400. Mwenye duka alikuwa ametukadiria kwamba sweta mbili za vimo vile zinataka gramu 470. Kila aliyekuwapo aliona kwamba upungufu ulikuwa unakaribia kulingana na kile kidonge kilicho mkekani kwa bibi, na hakuna aliyethubutu kulisema.

Tulirudi dukani kutafuta kijivu cha kujazia. Mama yule wa Kikamba alitukataza. Rangi inayokaribia kufanana, alisema, ni mbaya kuliko rangi nyingine kabisa, kwa sababu jicho litakuwa linaitafuta kasoro siku zote. Tuchague rangi isiyojificha. Tulichagua damu ya mzee, madonge mawili ya gramu 50 kila moja, tukachangiana bei yake. Kabla ya kuanza, mwenzetu alifuma vipande viwili vya majaribio kwa sindano nambari 8, kimoja cha uzi wa zamani na kimoja cha uzi mpya. Vyote vilimpa vitanzi 22 kwa sentimita 10. Akajua kwamba vitakaa pamoja bila kuvutana.

Sweta zilikamilika kabla ya mwezi kwisha. Viwiliwili ni vya kijivu, na kuanzia kiwiko hadi kifundo ni damu ya mzee, pamoja na shingo. Watoto wenzao wakadhani ni mtindo mpya, na watu wawili wamekwisha kuagiza za kwao kwa malipo. Ni mwanzo mdogo, lakini ni riziki ya halali, naye anaifanyia kazi akiwa nyumbani na wanawe.

Eda ilipomalizika, bibi alifunga safari ya kurudi kwao. Tulikwenda kumsindikiza hadi stendi. Mjukuu mdogo alimwuliza atafuma nini na uzi wake. Alimwambia kwamba hatafuma kitu, na kwamba kidonge chake kinafaa vile kilivyo. Alikuwa amekifunga ndani ya leso, akakishika mkononi, wala hakukiweka na mizigo mingine.

Tangu siku ile tumelizungumza jambo hili mara nyingi. Katika nyumba nyingi tulizozijua, mtu akifariki nguo zake hugawiwa haraka, kwa huruma na bila kuuliza, na saa, tasbihi au fimbo huchukuliwa na aliyekuwa karibu na mlango. Hakuna anayekusudia dhuluma. Lakini mama mzazi hurudi kwake mikono mitupu, na watu humsifu kwa kuwa hakudai. Hatujui ni akina mama wangapi wangependa kusema, “Na fungu langu nipe,” wakaona haya. Kuuliza kunachukua muda mfupi. Gramu 80 zilitugharimu madonge mawili ya uzi, na mwenzetu na mavyaa wake waliagana wakiwa hawadaiani kitu.

Kwa yule mwenzetu aliyeuogopa ule mfano wa uzi, tunaona jibu limekamilika. Huku Machakos wafumaji hufumua kila siku, na kila wanachofumua kinarudi kuwa kitu. Kinachotakiwa ni idhini ya wenyewe, mkono usio na haraka, na mizani.

Wenye sweta kuukuu za kufumwa kwa mkono, ambazo wenyewe wameziachia kwa radhi, tutazipokea. Jumamosi baada ya alasiri tupo dukani, na anayetaka kujifunza aje na sindano nambari 8. Mwenyezi Mungu awarehemu marehemu wetu na awape subira waliobaki. Amin.