Gibson, baba mdogo na mkopo nilioushuhudia

Mwezi Mei 2018, nikiwa ofisini nasahihisha mitihani, nilisoma habari kwamba kampuni ya Gibson ya Marekani, inayotengeneza magitaa, imekwenda mahakamani kuomba ulinzi dhidi ya wadai wake. Ombi liliwasilishwa tarehe 1 Mei, na madeni yalitajwa kufikia dola milioni 500. Mwenzangu tunayetumia naye ofisi aliniuliza kwa nini nimenyamaza ghafla. Sikumjibu. Nilikuwa namfikiria mzee mmoja wa Sumbawanga, asiyejua Kiingereza, ambaye jina la Gibson alilifahamu kutoka kwenye picha ya gazeti aliyoibandika ukutani mwa karakana yake kabla mimi sijaanza shule.

Mzee huyo ni baba yangu mdogo. Ni seremala, lakini sifa yake katika Ufipa ilitokana na magitaa. Karakana yake iko nyuma ya nyumba, pembeni mwa mji, upande unaotazama safu ya milima ya Mbizi. Wanaoijua baridi yetu ya Juni na Julai wataelewa nikisema kwamba gundi iligoma kukauka, naye akalazimika kuwasha moto wa vipande vya mbao tangu alfajiri na kuyapanga matumbo ya magitaa kuuzunguka, kama watu waliokuja kuota moto. Sisi watoto tulipewa kazi ya kuyageuza. Aliyeacha moja likaungua alilala bila kusimuliwa hadithi.

Ufundi huo hakufundishwa na mtu. Jirani yetu aliyewahi kufanya kazi migodini Zambia alirudi na gitaa la kiwandani. Baba mdogo aliliazima, akalifungua, akalipima kwa kamba, akachora kiolezo juu ya ubao wa sanduku la chai, kisha akalifunga na kulirudisha kabla mwenyewe hajatoka shambani. Magitaa yake ya kwanza yalitumia waya wa breki za baiskeli, na vile vipande vya chuma vinavyopandwa shingoni alivikata kutoka kwenye spoku. Baadaye alipata mninga kutoka Mpanda na nyuzi halisi kutoka Tunduma. Kwaya za vigango kutoka Laela hadi Namanyere zikamjua.

Kwa msomaji kijana, pengine inafaa nieleze kwa nini gitaa lilikuwa na heshima hiyo. Usiku wa Ufipa tulikuwa na redio. Kutoka upande mmoja ilitufikia sauti ya Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, ambaye aliendelea kupigwa redioni miaka mingi baada ya kifo chake mwaka 1979. Kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ulitufikia muziki wa Kongo, wa kizazi kilichofuata nyayo za Mwenda Jean Bosco, yule mwana wa Katanga aliyeimba kwa Kiswahili na ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952. Mtu mwenye gitaa lililotengenezwa mtaani kwetu alijiona ana nafasi katika mazungumzo hayo makubwa.

Sasa nieleze kosa langu.

Mwaka 2016 nilirudi nyumbani nikiwa na shahada ya uzamivu iliyokuwa bado mpya. Barabara ya lami kutoka Tunduma ilikuwa imetuletea neema nyingi: safari iliyokuwa ikichukua siku nzima kwenye matope sasa ilikuwa ya saa chache. Lami hiyohiyo ilileta magitaa ya China, yaliyouzwa kwa bei ambayo baba mdogo asingeweza kununulia hata mbao. Nilimkuta na magitaa manne yaliyokosa wateja. Nikaketi naye na kumpa somo. Nilimwambia kwamba fundi wa karne hii hawezi kutegemea bidhaa moja. Atengeneze sofa, makabati na madawati. Anunue mashine ya kuranda na ya kupasulia mbao. Aajiri vijana. Na kwa kuwa mtaji hana, akope.

Alinisikiliza kwa adabu, kama wazee wetu wanavyomsikiliza mtoto waliyemlipia ada. Kisha akauliza swali moja tu: "Na magitaa atayatengeneza nani, mwanangu?"

Nilimjibu kwamba vijana atakaowaajiri watayatengeneza. Andiko la biashara niliandika mwenyewe, usiku mmoja, kwa kalamu ya wino. Mkopo ulikuwa wa shilingi milioni 8, dhamana ikiwa mashine na kiwanja. Kwenye karatasi ya mkopo, mahali pa shahidi, niliweka saini yangu na kutanguliza cheo changu cha Daktari.

Hesabu zilianza kukataa mapema. Sofa za kutoka Mbeya na Dar es Salaam zilipita juu ya lami ileile zikiwa na bei nafuu kuliko zake. Taasisi moja iliagiza madawati, ikayapokea, ikachukua miezi saba kuyalipa. Katikati ya miezi hiyo marejesho yalikuwa yakidaiwa kila wiki, naye akakopa kwa mwingine ili amlipe wa kwanza, ile mikopo ambayo mtaani inaitwa kausha damu. Katika miaka miwili hakutengeneza hata gitaa moja. Hakuwa na muda. Alikuwa anatengeneza makochi ya kulipia riba.

Ndiyo maana habari ya Gibson ilininyamazisha. Nilipoisoma kwa undani niliona kwamba magitaa hayakuwa tatizo lake. Wakati inakwenda mahakamani ilikuwa bado inaongoza katika soko la magitaa ya umeme ya bei ya juu. Kampuni hiyo iliyoanzishwa rasmi mwaka 1902 katika mji wa Kalamazoo ilikwishapitia misukosuko mingi: mwaka 1984 wamiliki wa wakati huo walikifunga kiwanda cha Kalamazoo na kuhamishia kazi yote Nashville, na mwaka 1986 iliuzwa kwa dola milioni 5 tu kwa Henry Juszkiewicz na wenzake. Hao waliirudishia hadhi. Kisha mwenye kampuni akataka kuwa kitu kingine. Akanunua hisa katika kampuni za Kijapani za vifaa vya sauti. Mwaka 2014 akanunua kitengo cha Philips cha vifaa vya burudani vya nyumbani, kwa dola milioni 135, nyingi zikiwa za mkopo. Vifaa hivyo havikuuzika kama alivyotarajia. Magitaa yakabaki yanabeba deni la spika na vipokea sauti.

Wapo wanaosema kilichoiumiza Gibson ni mbao. Ni kweli kwamba maofisa wa serikali ya Marekani walivamia viwanda vyake mwaka 2009 na 2011 kwa tuhuma za kuingiza mbao zilizozuiwa, zikiwemo za mpingo wa Madagaska, na mwaka 2012 ilikubali kulipa faini ya dola 300,000. Jambo hilo lina uzito kwetu tunaoona misitu ya Katavi na Rukwa ikipungua. Lakini weka dola 300,000 pembeni ya dola milioni 500, utaona ni lipi lililoizamisha. Hata nyumbani kwetu ilikuwa rahisi kuwalaumu Wachina, vinanda vya umeme, na vijana wasiopenda kazi ya mikono. Nami niliwalaumu, kwa sababu kuwalaumu kuliniepusha na ile karatasi yenye saini yangu. Mshika mawili moja humponyoka, walisema wahenga. Baba mdogo hakushika la pili kwa hiari yake. Nililiweka mkononi mwake mimi.

Hapa ndipo hadithi mbili zinapoachana, na ningependa watumishi wa umma wanaonisoma wapatazame. Gibson ilipozidiwa, sheria ya nchi yake iliipa nafasi ya kupumua. Mahakama iliwazuia wadai wakati mpango wa kulipa ukiandaliwa. Kazi kiwandani iliendelea. Kitengo cha vifaa vya burudani kikafungwa, wadai wakageuza madeni yao kuwa umiliki, na tarehe 1 Novemba 2018 kampuni ikatoka mahakamani ikiwa chini ya wenye mitaji wa KKR. Mmiliki aliondoka, lakini benchi la fundi lilibaki.

Baba mdogo alifikiwa na gari dogo la mizigo, asubuhi ya siku ya kazi. Sheria yetu ya mwenendo wa mashauri ya madai inazitaja zana za fundi miongoni mwa vitu visivyokamatwa katika kutekeleza hukumu. Mwenye busara aliyeitunga alijua kwamba ukimnyang'anya fundi patasi umemnyang'anya pia uwezo wa kukulipa. Lakini mkopeshaji wa mtaani hakupita mahakamani. Alikuja na karatasi. Walichukua mashine zote mbili, kisha, kwa kuwa hazikutosha, wakachukua randa za mkono, misumeno na patasi, hata zile alizozifua mwenyewe.

Nilifika Desemba ile nikaikuta karakana tupu. Nilitaka kuomba radhi, nikaanza kwa maneno marefu kama ilivyo desturi ya walimu wa vyuo. Akanikatiza: "Kula kwanza." Tulikula ugali wa ulezi na maharage. Hakunitajia deni. Kiwanja kiliokolewa na ukoo, kila mtu akichanga alichonacho, na mimi nikilipa fungu kubwa zaidi, kwa haki kabisa.

Baada ya hapo nilitafuta msaada unaoweza kumrudisha kazini. Mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri ni kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Sina ugomvi na makundi hayo. Lakini mzee wa miaka 62, mwenye ujuzi ambao hakuna mwingine aliye nao wilayani, hana kundi. Nilipouliza, nilishauriwa kwa nia njema kwamba ajiunge na kikundi cha ufugaji wa kuku. Nikajisikia nimesikia sauti yangu mwenyewe ya mwaka 2016.

Sisi Wafipa tulikwishaona ufundi ukifa. Ukitembea katika nyanda zetu utakuta mabaki ya malungu, matanuri marefu ya udongo yaliyopita kimo cha mtu, ambamo babu zetu waliyeyusha chuma bila kutumia mivukuto. Wanaakiolojia, akiwemo Bertram Mapunda, wameyafanyia utafiti na kuyapa hadhi yake. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 majembe ya viwandani yalienea, na moto wa malungu ukazimika. Waliotaka baadaye kujua kazi ilifanyikaje iliwabidi wawaombe wazee wakumbuke. Leo tunajivunia malungu katika hotuba. Ningependa tuulizane ni nani katika wilaya zetu leo ana ujuzi ambao kesho tutauombea kumbukumbu, na kama tunapomshauri tunamwongezea uhai wa kazi yake au tunamfundisha kuiacha.

Kwa wanafunzi wangu wanaoandika maandiko ya miradi kwa ajili ya watu wengine nina ombi dogo. Kabla hujamwambia fundi apanue biashara, muulize asingependa kuacha nini. Kisha hesabu marejesho kwa mwezi mbaya, maana mwezi mzuri hauhitaji ushauri wako. Na usiweke saini mahali ambapo hutakuwepo siku gari la mizigo litakapokuja.

Nilikwenda tena likizo iliyopita. Sasa ana patasi tatu, randa moja na kile kiolezo cha ubao wa sanduku la chai, ambacho wale jamaa walikiona kuwa kuni. Anatengeneza magitaa mawili au matatu kwa mwaka. Macho yamepungua nguvu. Kuna kijana wa bodaboda anayekuja jioni kujifunza, siku ambazo abiria ni wachache. Huenda akaendelea, huenda mkataba wa pikipiki ukamshinda akaenda Tunduma kama wenzake. Siwezi kuwaahidi lolote.

Baba mdogo aliniuliza kampuni ile ya Wamarekani inaendeleaje. Nilimweleza kwamba ipo, ila sasa ni mali ya watu wa mitaji, na kwamba imerudi kwenye magitaa.

"Basi wamepona," alisema. Akanipa ubao niushikilie wakati akiugundisha, akanionya nisiachie mpaka aseme yeye.