Kabla ya kulipia chumba Eastleigh, tazama kilicho chini yake

UMEPATA kazi. Mshahara wa kwanza umeingia, na shangazi ambaye umekuwa ukilala sebuleni kwake ameanza kukuuliza, kwa upole tu, kama bado hujapata nyumba. Rafiki anakudokezea kwamba kuna chumba Eastleigh, karibu na barabara, bei nafuu, na matatu namba 6 au 9 itakufikisha katikati ya jiji bila kubadilisha gari. Je, msomaji mpenzi, utafanya nini? Ikiwa wewe ni kama mimi nilivyokuwa mwaka wa 2013, utatoa pesa siku iyo hiyo kabla mwingine hajakupokonya bahati.

Ngoja kwanza nikusimulie.

Chumba changu kilikuwa Section III, orofa ya tatu, choo cha kutumia pamoja na majirani. Keyateka alikuwa mzee mpole, mwenye kumtaja Mungu katika kila sentensi. Aliniambia watu watatu walikuwa wamekitazama chumba asubuhi hiyo. Nikamlipa kodi ya mwezi mmoja na diposti ya mwezi mmoja, pesa taslimu, mkononi, naye akaandika jina langu katika daftari la shule. Risiti, akasema, ningeipata mwenye nyumba akija. Jumapili nikafika na godoro langu juu ya mkokoteni. Mlangoni mlikuwa na pazia jipya, na ndani alikuwamo mwanamke akipanga sufuria zake. Yeye pia alikuwa amelipa, siku mbili kabla yangu, na jina lake lilikuwa katika daftari lilo hilo. Keyateka alikuwa amekwenda mashambani kwa mazishi ambayo hadi leo sijui yalikuwa ya nani.

Nitarudi kwa mwanamke huyo baadaye. Kwanza yafaa uuelewe mtaa wenyewe, maana Eastleigh si Buruburu, uliojengwa miaka ya sabini ili watu wapate mahali pa kuishi, na basi. Eastleigh ulianzishwa mwaka wa 1921, wakati wakoloni walipokuwa wakigawa Nairobi kwa misingi ya rangi za watu. Wahindi ndio waliokuwa wengi humo, pamoja na Wasomali na Waafrika wachache. Bado kuna nyumba za enzi hizo, zile za chini zenye ua katikati na vyumba kuuzunguka, ingawa kila mwaka zinapungua na mahali pake kuinuka majumba marefu.

Kilichougeuza mtaa ni vita. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka kule Mogadishu mnamo Januari 1991, Wasomali wengi walikimbilia Nairobi, na baadhi yao wakapanga vyumba katika nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge. Usiku walilala humo, mchana wakauzia bidhaa zao humo humo. Si muda mrefu vyumba vikawa maduka kabisa, na nyumba ya wageni ikawa soko. Majumba mengine ya biashara yakafuata, moja baada ya jingine, hadi watu wakawa wanatoka Uganda, Tanzania na Kongo kuja kununua nguo Eastleigh.

Tangu siku hizo, chumba cha Eastleigh kina wachumba wawili: mtu na mali. Na mali ndiyo yenye mahari kubwa. Mfanyabiashara hulipa kodi na tena hulipa gudwili, yaani pesa za kumwezesha tu kuingia katika kibanda ambacho wewe ungedhani ni kabati. Kwa hiyo, ukimwona mwenye nyumba amekuachia orofa ya juu uishi, fahamu kwamba hapo ndipo maduka yamekataa kupanda. Wewe utaishi kwa kile ambacho biashara ya chini imekibakisha: maji iliyoyabakisha, ngazi iliyoibakisha, na usingizi iliokubakishia.

Ndiyo maana nasema anza kutazama chini kabla ya kutazama juu. Dalali atakupandisha moja kwa moja hadi chumbani, akuonyeshe vigae na sinki, akufungulie dirisha. Mwache. Rudi wewe mwenyewe peke yako. Je, orofa ya chini kuna nini? Duka la vitambaa hufungwa usiku na kukuacha ulale. Mkahawa utakupa harufu ya nyama ya ngamia na pilau tangu alfajiri, jambo ambalo si baya hadi mwisho wa mwezi mfuko unapokauka. Fundi wa kuchomelea vyuma hana simile. Ghala la mitumba lina hatari yake nyingine, nayo nitaieleza hivi punde.

Nenda saa kumi na moja alfajiri. Najua ni usumbufu, lakini nenda na mtu. Eastleigh ndiko yanakoondokea mabasi mengi ya Garissa, Wajir na Mandera, na wapiga debe hawanong'oni. Malori ya mizigo nayo hupenda kushusha wakati barabara haina msongamano, yaani wakati wewe umelala. Kisha rudi saa nane mchana uone kama mlango wa kuingilia unaonekana kwa wingi wa wachuuzi, halafu saa tatu usiku uone ni taa gani zinazowaka kati ya kituo cha matatu na ngazi yako. Ikiwa wewe ni mwanamke, safari hii ya usiku usiiache. Na ukibahatika kufika mwezi wa Ramadhani utaona mtaa mwingine kabisa: mchana mtulivu, usiku wa manane watu wamejaa madukani kana kwamba ni saa sita adhuhuri.

Sasa maji. Wageni wengi huuliza, “Maji yapo?” na keyateka hujibu, “Yapo.” Hajadanganya. Swali lenyewe halikufunga mlango. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, kaunti ya Murang'a, na husambazwa mitaani kwa mgao. Kwa hivyo uliza: hutoka siku zipi? Saa ngapi? Kuna tangi la kuyahifadhi, na linatosha nyumba ngapi? Yanafika orofa ya tano au huishia ya pili? Ikiwa jumba lina kisima chake, onja. Maji ya visima vingi vya Nairobi yana chumvi, hayakai vizuri na sabuni, na chai yake ina namna yake. Uliza pia ni nani anayelipia stima ya pampu. Ikiwa hakuna tangi wala kisima, basi utakuwa mteja wa vijana wa mikokoteni wenye mitungi ya lita ishirini, na hao hutoza kwa kuhesabu ngazi. Chumba cha orofa ya sita kilichokuwa rahisi kwa shilingi elfu moja hurudisha elfu hiyo kwa muuza maji. Nimeshuhudia.

Stima haina maneno mengi. Hakikisha mita ya tokeni ni yako peke yako. Ukiambiwa mnatumia moja na jirani na mtagawana, jiulize kama jirani anapika kwa jiko la stima.

Ile hatari niliyokuahidi ni ngazi. Simama chini ya jumba, uhesabu njia za kutokea. Nyingi zina ngazi moja tu, na ikiwa chini kuna ghala, utakuta marobota ya nguo yamepangwa ukutani hadi nusu ya njia. Moto ukianza kwenye nguo zile, moshi utapanda kwa njia ile ile unayotaka kuteremkia. Halafu tazama madirisha. Vyuma vya kuzuia wezi ni vizuri, lakini je, kuna hata kimoja kinachofunguka kwa ndani? Usione haya kuuliza. Keyateka atakucheka, nawe umwache acheke.

Tazama pia nguzo na kuta. Usiku wa Aprili 29, 2016, mvua kubwa ikinyesha, jumba la orofa kadhaa liliporomoka Huruma, mtaa ulio mbele kidogo ukiifuata Juja Road, na watu wapatao 50 wakafariki. Maafisa walisema lilikuwa limejengwa karibu na mto bila idhini. Waliokufa walikuwa wapangaji, watu waliolipa kodi yao kama wewe. Wakaguzi wa serikali huandika X kubwa nyekundu kwenye majumba wasiyoyaamini. Kwa hivyo ukiona ukuta wa mbele umepakwa rangi mpya mahali pamoja tu, uliza majirani kilichokuwa hapo. Ufa ulio wima juu ya mlango unaweza kuwa ni wa lipu tu. Ufa unaopanda kama ngazi kutoka pembe hadi pembe, au nguzo inayoonyesha chuma chenye kutu, ondoka bila kuaga.

Tuje kwenye pesa, mahali nilipoumia. Kabla ya kutoa hata shilingi, bisha milango mitatu ya wapangaji na uulize, “Nyinyi hulipa wapi?” Wote wakitaja akaunti moja ya benki au namba moja ya M-Pesa, lipia huko huko, ili ujumbe ubaki kwenye simu yako. Mmoja akisema benki na mwingine akisema kwa mzee wa lango, hapo pana jambo. Daftari la shule si risiti. Halafu dai karatasi iliyoandikwa, hata ukurasa mmoja, yenye jina la mwenye nyumba au ajenti wake, kiasi cha kodi, tarehe ya kulipa, notisi ni ya muda gani, na diposti itarudishwa lini na itakatwa kwa sababu zipi. Wengi wetu huona haya kudai karatasi kwa mtu mzima aliyetuita “mwanangu”. Haya hiyo ni ghali.

Utasikia watu wakisema sheria humlinda mpangaji. Humlinda, lakini soma vizuri. Sheria ya kudhibiti kodi, pamoja na baraza lake la kusikiliza kesi za wapangaji, huhusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kiliwekwa zamani sana. Nenda ukatafute nyumba ya bei hiyo Eastleigh leo, na ukiipata uniandikie. Kwa sisi wengine, nguvu yetu ni makubaliano yetu. Afueni ipo katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka wa 2021. Hiyo husikiliza madai ya pesa yasiyozidi shilingi milioni moja, nawe waweza kujitetea bila wakili. Lakini hakimu naye atataka kuona karatasi.

Karatasi ina kazi nyingine Eastleigh ambayo mitaani kwingine huenda usiifikirie. Mwanamke yule niliyemkuta chumbani alinitazama mimi na godoro langu, akasema, “Dada, ingia kwanza, jua ni kali.” Alikuwa mzaliwa wa Garissa, akifanya kazi katika duka la vyombo. Mwenye nyumba alipokuja hatimaye, alisema anamtambua mpangaji mmoja tu, na aliyetangulia kulipa ni yeye. Pesa zangu hazikurudi. Badala ya kunitoa, aliniambia tugawane kodi. Ila alisisitiza kitu kimoja: majina yetu yote mawili yaandikwe, na kila mwezi tupewe risiti. Aliziweka risiti hizo katika mfuko wa plastiki chini ya mto, pamoja na kitambulisho chake. Mimi nilimwona ana wasiwasi mwingi mno.

Aprili 2014 ukaja msako wa Usalama Watch. Maelfu ya watu walikamatwa Eastleigh na kwingineko, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Mlango wetu uligongwa saa nane usiku. Kitambulisho changu kiliangaliwa mara moja. Chake kiligeuzwa mara tatu, kikamulikwa tochi, yeye akaulizwa anaishi na nani na tangu lini. Akatoa mfuko wa plastiki. Afisa alizisoma risiti moja moja, mwezi kwa mwezi, akamrudishia, wakaenda mlango uliofuata. Jirani wa mlango huo, mama wa watoto wawili, tulimsikia akieleza kwamba alipokewa na binamu yake na jina lake halimo popote. Alirudi baada ya siku tatu.

Miaka sita baadaye, Mei 6, 2020, mtaa ulifungwa kwa sababu ya korona, hakuna kuingia wala kutoka kwa mwezi mzima hivi. Nilikuwa nimekwisha kuhama, lakini yeye bado alikuwako. Aliniambia kwa simu kwamba majirani wa orofa yao walichangishana unga, na kwamba duka la chini lilimkopesha kwa sababu lilimjua kwa jina. Kwa hivyo ukienda kutazama nyumba, nunua chai kwa mama wa langoni, ukae kidogo, usikilize jinsi wapangaji wanavyosalimiana wakipita.

Siku niliyohama nilidai sehemu yangu ya diposti, ambayo tulikuwa tumeichanga upya. Ilirudi, lakini shilingi 1,200 zilikatwa za kupaka rangi ukuta wa jikoni. Ukuta ule ulikuwa na madoa ya masizi tangu siku tuliyoingia. Sote wawili tuliyakumbuka vizuri, ila hakuna aliyekuwa ameyapiga picha.