Wembe wa Sultani

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Mimi niliulilia wa babu nisipewe, na labda ndiyo sababu ukubwani nimekuwa mkusanyaji wa nyembe za kukunja za Joseph Rodgers, wahunzi wa mji wa Sheffield, Uingereza. Nilikuwa nazo tisa. Wa kumi, ule wa babu, ulikuwa Unguja kwa shangazi yangu, ndani ya kasha, umeviringishwa katika kipande cha kanga.

Wembe huo ulikuwa na sifa yake. Ukoo wetu ni wa vinyozi, na tumelelewa tukiambiwa kwamba ndio uliomnyoa Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar tangu 1870 hadi alipofariki 1888. Binamu yangu alipompata mgeni wa kuununua kwa bei kubwa, shangazi aliniita.

"Wewe ndiye mjuzi," aliniambia. "Andika karatasi, uweke saini."

Niliufungua mbele yake. Msomaji, wembe wa kale husomwa shingoni, pale penye chuma kisichonolewa kabla ya makali kuanza. Nilisugua kutu kwa mafuta, nikaiona nyota na msalaba wa Malta, alama ya Rodgers. Moyo ulifurahi. Kisha nikasoma maneno ya Kiingereza yaliyochapwa kando yake: watengenezaji wa visu wa Mfalme, na chini kabisa, England.

Furaha ikaniishia. Jina la nchi lilienea kwenye nyembe kwa sababu ya sheria ya forodha ya Marekani ya 1890, iliyotaka bidhaa za kigeni zionyeshe zilikotoka. Na tangu 1837 hadi Januari 1901 Uingereza ilitawaliwa na mwanamke, Victoria, hivyo chapa za miaka hiyo humtaja Malkia. Wembe wenye maneno yote mawili, Mfalme na England, ni wa 1901 au baadaye. Barghash alikwisha kuzikwa miaka kumi na mitatu nyuma.

Nakiri kwamba nilishawishika kunyamaza. Mgeni asingejua, na fedha zile zingeezeka nyumba ya shangazi iliyokuwa ikivuja. Lakini ni mara ngapi mimi mwenyewe nimewalaani wauzaji walionighilibu kwa maneno matamu juu ya wembe mbovu?

Nikamweleza. Alinyamaza muda mrefu, akinitazama kama mtu niliyemvunjia sahani ya urithi.

"Na babu yako je," aliniuliza hatimaye, "naye hakuushika?"

"Aliushika, shangazi."

"Basi. Wewe ulinyolewa nywele za arobaini kwa wembe huu. Nilikupakata mwenyewe, ukalia mpaka sauti ikakauka."

Mgeni alipoambiwa kweli alikwenda zake, na binamu hajanisemesha hadi leo. Paa bado linavuja upande mmoja. Nanunua mabati kidogo kidogo kila nipatapo. Shangazi aliuviringisha wembe katika kanga ile ile, akanikabidhi.

Kila wembe wangu nauandika katika daftari. Huu nimeuandika hivi: Rodgers, 1901 au baadaye, mali ya babu. Neno Sultani sikuliandika. Chini yake nimeongeza mstari mmoja ambao hauonekani kwenye chapa yoyote: ulininyoa mimi.