Kabla ya Kisu

Asubuhi ya kwanza nilipoingia kazini katika chumba cha upasuaji cha hospitali moja ya London, miaka kadhaa baada ya kuaga hospitali ya pwani iliyonifunza uuguzi, nilishuhudia jambo lililonishangaza kuliko mashine zote zilizokuwamo: daktari mpasuaji, mtu wa makamo mwenye sifa zilizoenea, alisimama kando ya mgonjwa aliyekwisha kulala usingizi wa dawa, mikono yenye glavu ameikunja kifuani, akataja jina lake na kazi yake, kisha akanyamaza akingoja kila aliyekuwamo, hata mwanafunzi aliyekuja kutazama tu, naye ataje lake. Zamu yangu ilipofika nilitamka kwa sauti ya chini, kama mtoto mbele ya mwalimu wa chuo. Muuguzi mwenye karatasi akaanza kuuliza: mgonjwa huyu ni nani, anapasuliwa nini na upande gani, dawa ya kuzuia usaha amepewa katika dakika 60 zilizopita au hakupewa, damu inatazamiwa kumwagika kiasi gani, na hapana aliyegusa kisu mpaka jibu la mwisho lilipotoka.

Karatasi ile ilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008. Ina mambo 19 tu, yaliyogawanywa mafungu matatu: kabla ya mgonjwa kulazwa usingizi, kabla ya ngozi kukatwa, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Utafiti ulioipima, wa Alex Haynes, Atul Gawande na wenzao, ulitangazwa Januari 2009 baada ya kufanywa katika hospitali nane za miji minane: Toronto, Seattle, London, Auckland, Amman, New Delhi, Manila, na, hapa ndipo moyo wangu huruka kila nisomapo, Ifakara, mji wa mpunga katika bonde la Kilombero. Wagonjwa 3,733 walihesabiwa kabla ya karatasi kuingia na 3,955 baada yake; vifo vikashuka kutoka 1.5 katika kila mia hadi 0.8, na madhara makubwa ya upasuaji kutoka 11 hadi 7. Gharama yake ni karatasi, wino na dakika chache za subira, ilhali mgonjwa mmoja anayerudi na donda bovu hula kitanda, dawa, upasuaji wa pili, na akiba ya ukoo mzima.

Nasema hivi kwa kuwa nimeyaona. Katika hospitali niliyoanzia kazi, ambayo jina lake nalihifadhi maadamu aibu ile haikuwa yake peke yake, shashi hazikuletwa zimefungwa. Tulizikata wenyewe kutoka jora wakati wa zamu ya usiku, tukazikunja na kuzifunga kumi kumi, na aliyelemewa na usingizi aliweza kufunga tisa au kumi na moja asijue. Hapa London huja tano tano, zimefungwa kwa uzi mwekundu, kila moja ina alama ya kuonekana kwenye eksirei, na idadi huandikwa ubaoni mbele ya macho ya wote. Basi siku moja, kule nilikoanzia, mama mmoja alikuwa akipasuliwa ili ajifungue, nami nikihesabu shashi zilizotumika. Nikapata tisa. Nikahesabu tena, tisa. Daktari alikuwa keshaanza kushona. Alikuwa mtu wa rika la baba yangu, mpole, aliyetutendea wema mwingi, na kila asubuhi nilimwamkia shikamoo. Nikajiuliza mimi ni nani hata nimwambie mtu kama huyo asimamishe mkono kwa ajili ya hesabu ya binti wa mwaka wa kwanza kazini, nikajipa udhuru kwamba bila shaka fungu lile lilifungwa likiwa pungufu. Siku ya tisa mama yule alirudi na homa kali, mshono unatoka usaha. Alipofunguliwa, shashi ilikuwamo. Alipona, alhamdulillahi, lakini nduguze walichanga fedha za upasuaji wa pili, na mtoto mchanga akalelewa majuma mawili kwa maziwa ya kopo.

Sikunyamaza kwa uvivu wala kwa ujinga. Nilinyamaza kwa adabu, na adabu hiyo siitukani, kwa kuwa ndiyo iliyonilea. Ninalolipenda katika karatasi ile ni kwamba humwondolea mdogo dhima ya kuonekana mtovu wa heshima: anayeuliza si yeye, ni desturi ya chumba. Wala jambo hili si geni kwetu. Marehemu mjomba wangu alikuwa nahodha wa jahazi la kupakia boriti, na kabla ya kutweka tanga alimwita kwa jina kila baharia, akiishia na mtoto mwenye kushika upo, akamwuliza maji ya ngamani yamefika wapi. Mtoto akisema yamezidi, chombo hakikung'oa nanga, hata upepo ungekuwa mwema namna gani.

Lakini isidhaniwe kwamba ng'ambo karatasi peke yake imetosha. Jimbo la Ontario, huko Kanada, lilizitaka hospitali zake ziitumie, na utafiti wa mwaka 2014 uliotazama hospitali 101 ukakuta vifo vimeshuka kutoka 0.71 katika kila mia hadi 0.65, tofauti ndogo isiyoweza kutengwa na bahati. Wataalamu wameshindana juu ya sababu. Mimi ninayo yangu, maana hata hapa London nimeona siku ambazo maswali husomwa huku mmoja akijibu simu na mwingine akifungwa joho, na alama za vema zimekwisha kutiwa zote kabla ya swali la kwanza.

Nilipokwenda likizo mwaka jana niliikuta karatasi imebandikwa ukutani kule nilikoanzia, nikafurahi mno, kisha nikaona imeandikwa Kiingereza. Watu wa chumba kile huzungumza Kiswahili tangu mgonjwa anapoingia hata anapotoka. Ulipofika wakati wa kuisoma, sauti ziligeuka zikawa za wanafunzi wanaokariri, na muuguzi mdogo akaitikia ndiyo kwa kila swali. Usiku ule nilikaa na sista wa zamu, mwanafunzi mwenzangu wa zamani, tukaiandika upya: Kabla ya Usingizi, Kabla ya Kisu, Kabla ya Kutoka. Tulibishana sana juu ya mahali wauguzi wanapoulizwa kama wana wasiwasi wowote. Yeye alitaka tuandike, "Kuna tatizo?" Nikamwambia, dada yangu, mdogo akiulizwa hivyo mbele ya wakubwa atasema hakuna, kama nilivyosema mimi moyoni mwangu. Tukakubaliana iwe, "Muuguzi, unaona nini?"

Asubuhi yake, kwa ridhaa ya daktari, iliulizwa mara ya kwanza. Binti mmoja, mwembamba, macho yake chini, akakawia kidogo, kisha akasema, "Naona mashine ya kufyonza damu haivuti vizuri, Daktari." Fundi akaitwa, kisu kikangoja.